Paka na Intaneti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayozuka stika ya paka inapotua kwenye kundi la WhatsApp: huyu paka ni nani, ametoka wapi, yu hai bado, na kwa nini awe yeye na si mnyama mwingine. Majibu mengine ni marefu kwa sababu habari zenyewe ni ndefu. Mengine yanaisha kwa sentensi chache.

Mambo haya ya paka yalianza lini?

Yalianza zamani kuliko intaneti yenyewe. Katika miaka ya 1870, mpigapicha Harry Pointer wa mji wa Brighton, Uingereza, alikuwa akiuza kadi ndogo zenye picha za paka. Mwanzoni aliwapiga wakiwa wamelala au wanakunywa maziwa. Baadaye akawapandisha kwenye baiskeli, akawaketisha mbele ya vyombo vya chai, kisha akaanza kuandika maneno mafupi kwenye picha, kama salamu za mwaka mpya. Akaona zinauzika zaidi. Picha ya paka na maneno machache: hiyo ndiyo meme tuliyo nayo leo, ila enzi hizo ilipita posta.

Tangu hapo, karibu kila chombo kipya cha picha kimeanza na paka mapema. Mwaka 1894 studio ya Thomas Edison huko New Jersey ilirekodi filamu fupi ya paka wawili waliovishwa glavu za ngumi, wakizipiga kwenye ulingo mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mafundi wa kampuni ya RCA walipokuwa wakijaribu televisheni mjini New York, waliweka sanamu ya Felix the Cat, paka wa katuni, izunguke mbele ya mashine kwa saa nyingi, kwa kuwa taa zilikuwa kali mno kwa binadamu kukaa chini yake.

Kwenye intaneti, kufikia mwaka 2005 watumiaji wa jukwaa la 4chan walikuwa wamezoea kutumiana picha za paka kila Jumamosi, zikiwa na maneno ya Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi. Januari 2007 Eric Nakagawa na Kari Unebasami wa Hawaii wakafungua tovuti ya I Can Has Cheezburger, wakianza na picha moja tu ya paka mnene wa kijivu anayeonekana kama anatabasamu. Mwaka huohuo waliiuza kwa takriban dola milioni 2 kwa wawekezaji walioongozwa na Ben Huh. Tangu siku hiyo paka wa mtandaoni ni biashara.

Paka wa kwanza kwenye YouTube ni yupi?

Miongoni mwa wa mwanzo kabisa ni Pajamas, paka wa Steve Chen, mmoja wa waanzilishi watatu wa YouTube. Chen alipakia video yake mwaka 2005, mwaka uleule mtandao huo ulipoanzishwa.

Lakini paka mkongwe kuliko wote mle ndani huenda ni Fatso, yule wa fulana ya buluu anayepiga kinanda. Charlie Schmidt alimrekodi kwa kamera ya kanda mwaka 1984, huku yeye mwenyewe akiishika miguu ya paka kwa chini. Fatso alikufa mwaka 1987. Video yake iliwekwa YouTube mwaka 2007 na kuvuma dunia nzima mwaka 2009, zaidi ya miaka ishirini baada ya kifo chake.

Kwa nini paka, si mbwa, mbuzi au kuku?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba paka wanapendeza. Ni kweli, na lina msingi: mwaka 1943 mwanasayansi Konrad Lorenz alieleza kwamba uso wa mviringo, macho makubwa na paji pana humfanya binadamu atamani kulea, kwa sababu ndivyo alivyo mtoto mchanga. Lakini sungura naye ana sifa hizo, na hajatawala simu zetu.

Sababu nyingine ni ya mahali. Mwenye mbwa katika miji ya Marekani na Ulaya humtoa nje kila siku, akakutana na wenye mbwa wenzake na kupiga soga. Paka hukaa ndani. Mwenye paka hakuwa na mahali pa kukutana na wenzake mpaka intaneti ilipoingia nyumbani, na ilipoingia ilimkuta paka amekwishalala karibu na kompyuta kwa ajili ya joto.

Sababu ninayoiamini zaidi ni uso wa paka. Mbwa akifurahi unajua, akiogopa unajua. Paka wengi wetu hatuwasomi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi 85. Walionyeshwa video fupi za nyuso za paka, wakaulizwa kama paka yumo katika hali nzuri au mbaya. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa chini kidogo ya 12 kati ya 20, yaani kidogo tu juu ya kubahatisha.

Uso usiosomeka hupokea maneno yoyote utakayouwekea. Unaweza kumfanya paka awe bosi, mama mkwe, mdeni asiyetaka kulipa, au wewe mwenyewe Jumatatu asubuhi, naye hapingi. Hiyo ndiyo nguvu yake. Ndiyo pia hatari yake, kwa sababu tunapomwekea maneno yetu tunaacha kumtazama mnyama mwenyewe. Majibu kadhaa hapa chini yanarudi kwenye jambo hili, kwa kuwa nadhani ndilo kubwa kuliko yote.

Ile meme ya mwanamke anayemfokea paka mezani ilitoka wapi?

Ni picha mbili zisizohusiana. Paka anaitwa Smudge, wa Ottawa, Canada. Alipenda kuketi kwenye kiti mezani kama mtu, na picha yake akiwa mbele ya sahani ya mboga iliwekwa kwenye mtandao wa Tumblr mwaka 2018. Mwanamke ni Taylor Armstrong, akiwa kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani kuhusu maisha ya wake wa matajiri wa Beverly Hills. Tukio lenyewe lilirushwa mwaka 2011. Mei 2019 mtu mmoja akaziunganisha picha hizo kwenye Twitter, na mchanganyiko huo ukafika kila mahali, huku kwetu ukiwekewa ugomvi wa wapangaji, mashabiki wa mpira, na wapenzi wanaodaiana majibu ya meseji.

Wengi hawajui kwamba Armstrong hakuwa akiigiza. Alikuwa akilia kweli, katika kipindi ambacho baadaye alieleza hadharani kuwa alikuwa akiteswa ndani ya ndoa. Yeye mwenyewe ameipokea meme hiyo kwa moyo mzuri. Hata hivyo nataka anayeituma ajue.

Grumpy Cat alikuwa na hasira kweli?

Hapana. Grumpy Cat, yaani paka mnunaji, jina lake la nyumbani lilikuwa Tardar Sauce, paka jike aliyezaliwa Arizona mwaka 2012. Sura ile ya kununa ilitokana na udumavu wa kuzaliwa nao na mpangilio wa taya lake. Picha yake ilipowekwa kwenye mtandao wa Reddit Septemba 2012, watu walidai imechezewa kwa kompyuta, hivyo familia ikatoa video kuthibitisha kwamba ndivyo alivyo. Alikufa Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 7.

Upande wa fedha, kesi yake inafaa kukumbukwa. Kampuni ya Grenade Beverage ilipewa ruhusa ya kutumia sura yake kwenye kinywaji cha kahawa baridi, kisha ikaitumia pia kwenye kahawa ya kusaga na fulana. Wenye paka walishtaki, na mwaka 2018 baraza la mahakama ya shirikisho huko California likaamua walipwe dola 710,001. Sura ya paka ilikuwa imesajiliwa kama alama ya biashara, na mahakama ikailinda kama inavyolinda nembo ya kiwanda.

Na yule mwenye ulimi nje na macho makubwa?

Huyo ni Lil Bub wa Bloomington, Indiana, na kwangu mimi yeye ndiye paka muhimu kuliko wote waliopita mtandaoni.

Alizaliwa mwaka 2011 akiwa mdogo kuliko ndugu zake, miguu mifupi, vidole vya ziada kila mguu, na taya ya chini isiyokua vizuri, ndiyo maana ulimi ulikuwa nje daima. Alikuwa na ugonjwa adimu unaoifanya mifupa iwe minene na mizito kupita kiasi. Mlezi wake, Mike Bridavsky, hakuificha hali hiyo. Alieleza kila mara kwamba Bub ni mgonjwa, anatibiwa, na kwamba paka wenye ulemavu wanastahili kupewa nyumba. Kwa jina la Bub zilichangwa zaidi ya dola 700,000 kwa ajili ya wanyama wenye shida.

Kisha wanasayansi wakaja. Mwaka 2015 watafiti vijana walichangisha fedha mtandaoni ili wasome jenomu yake, yaani jeni zake zote. Waligundua kwamba vidole vya ziada vilitokana na badiliko lilelile la kijenetiki lililoko kwa paka wa nyumba ya mwandishi Ernest Hemingway kule Florida, na kwamba ugonjwa wa mifupa ulitokana na hitilafu katika jeni ambayo kwa binadamu pia husababisha ugonjwa wa aina hiyo. Bub alikufa Desemba 2019. Wapenzi wake walijua anaumwa nini na anatibiwa vipi, na wakatoa fedha zao kwa sababu walijua. Hilo halikuhitaji kumfanya kichekesho.

Nimempenda paka mwenye masikio yaliyokunjwa. Nimnunue?

Usimnunue.

Paka huyo anaitwa Scottish Fold. Jeni inayokunja sikio huharibu gegedu, na gegedu haipo masikioni tu. Iko kwenye viungo vyote vya mwili. Paka wa aina hii wanaweza kupata maumivu ya viungo wakiwa bado wadogo, na ile namna ya kukaa wima kwa makalio na miguu imenyooka mbele, ambayo video nyingi huionyesha kama kichekesho, huenda ni njia ya kukwepa maumivu. Chama kikuu cha usajili wa paka Uingereza kiliacha kuwasajili tangu miaka ya 1970, na Uholanzi na eneo la Flanders nchini Ubelgiji zimepiga marufuku kuwazalisha. Kila video inayovuma huongeza wanunuzi, na wanunuzi huongeza wazalishaji. Ukitaka paka, mitaa ya miji yetu imejaa paka wenye mifupa mizima wasio na pa kulala.

Video za kumtisha paka kwa tango zina ubaya gani?

Zilivuma sana mwishoni mwa mwaka 2015. Paka anakula, mtu anamwekea tango nyuma, paka akigeuka anaruka juu kwa hofu. Anaweza kuumia akiangukia vyombo, na anajifunza kwamba mahali anapokula si salama. Ukiona video kama hiyo usiisambaze, hata kwa kuikemea, kwa maana mtandao huhesabu watazamaji bila kuuliza walitazama kwa nia gani.

Kutazama paka kuna faida yoyote, au ni kupoteza muda?

Jessica Gall Myrick, akiwa Chuo Kikuu cha Indiana, alichapisha mwaka 2015 utafiti uliowahoji watu karibu 7,000. Walisema wanapotoka kutazama paka wana nguvu zaidi, huzuni na wasiwasi vimepungua. Wengi walikiri hutazama wakati walipaswa kufanya kazi au kusoma, lakini raha waliyoipata ilizidi hali ya kujilaumu. Washiriki walipatikana kwa msaada wa Mike Bridavsky, yule mlezi wa Lil Bub, ambaye pia ni mkazi wa Bloomington. Kwa hiyo wengi wao walikuwa tayari wapenzi wa paka, na walijieleza wenyewe bila kupimwa.

Kule Japani, Chuo Kikuu cha Hiroshima kilifanya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012. Wanafunzi waliotazama picha za watoto wa paka na mbwa walifanya kazi ya mikono kwa uangalifu zaidi kuliko waliotazama picha za wanyama wakubwa. Basi dakika chache si dhambi.

Nimesikia paka wanahusiana na siasa. Kivipi?

Ethan Zuckerman, mmoja wa waanzilishi wa Global Voices, mtandao wa habari (ambao una toleo la Kiswahili), alitoa mwaka 2008 nadharia ijulikanayo kama ya paka wazuri. Hoja yake ni hii. Mitandao mikubwa haikujengwa kwa ajili ya wanaharakati. Ilijengwa ili watu wa kawaida watumiane mambo ya kawaida, picha za paka zikiwemo. Serikali ikifunga tovuti ndogo ya wapinzani, wachache watalalamika. Ikifunga mtandao mzima ambao kila mtu huutumia kwa paka wake, harusi zake na biashara zake, watu ambao hawakuwahi kufikiria siasa wataanza kuuliza kwa nini, na watajifunza njia za kuzunguka kizuizi.

Mfano aliouzungumzia ni Tunisia, iliyofunga tovuti ya video ya Dailymotion mwaka 2007. Sisi tuna mifano ya karibu. Uganda ilipozima mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi Februari 2016, watu walikimbilia kupakua VPN, programu za kuzunguka kizuizi cha mtandao, wengi wakiwa ni vijana waliotaka tu kuendelea kuchati. Januari 2021 Uganda hiyohiyo ikazima intaneti yote, na hapo VPN haikusaidia. Nadhani hapo ndipo nadharia ya Zuckerman inapofikia mpaka wake: inafanya kazi pale ambapo mtawala anaogopa gharama ya kuwakasirisha wote.

Tukio jingine lilitokea Brussels Novemba 2015. Polisi walikuwa wakiwasaka washukiwa wa ugaidi usiku, wakawaomba wananchi wasitaje mtandaoni wapi askari wameonekana. Wabelgiji wakaijaza alama ya reli ya #BrusselsLockdown kwa picha za paka, hata asiyetakiwa kupata habari asiweze kuzipata. Kesho yake polisi wakaweka picha ya bakuli la chakula cha paka, wakiwakaribisha paka wote waliosaidia.

Kompyuta na akili mnemba zimeingiaje?

Mwaka 2012 watafiti wa Google, wakiwemo Andrew Ng na Jeff Dean, waliiachia mashine yenye vichakataji 16,000 itazame picha milioni 10 zilizochukuliwa kutoka video za YouTube, bila kuambiwa kilichomo. Sehemu moja ya programu hiyo, iliyoundwa kwa mfano wa neva za ubongo, ilijifunza yenyewe kutambua uso wa paka. Sisi ndio tulioupakia ushahidi, kwa miaka saba, video moja baada ya nyingine.

Leo mambo yamegeuka, na mashine inatengeneza paka. Video za paka wanaopika au wanaookoa watoto zimejaa TikTok. Angalia masharubu yanayobadilika idadi, vidole visivyoeleweka, na maandishi ya nyuma yasiyosomeka. Sizichukii zote, maana hakuna paka anayeumia. Ninachohofia ni mtoto anayejifunza tabia za paka kutoka kwa paka ambaye hajawahi kuwepo.

Paka wamefika hata anga za mbali. Desemba 2023 shirika la anga la Marekani, NASA, lilijaribu mawasiliano ya leza kutoka chombo cha anga cha Psyche, kilichokuwa kilomita milioni 31 kutoka Duniani. Video iliyotumwa ilikuwa ya sekunde 15, ikimwonyesha paka wa rangi ya chungwa aitwaye Taters, wa mfanyakazi mmoja wa maabara, akifukuza nukta ya leza.

Pwani yetu ina paka wengi. Mbona hatuwaoni sana mtandaoni?

Wanaonekana, ila kwa macho ya wageni. Paka wa Lamu, wembamba wenye miguu mirefu, na paka wa Mji Mkongwe Zanzibar hupigwa picha kila siku na watalii, karibu kila mara wakiwa wamelala kwenye mlango uliochongwa.

Mwenyeji anajua mengi zaidi. Anajua paka wa sokoni anayemtambua mvuvi kwa sauti. Anajua kwa nini paka haondolewi barazani mwa msikiti: kuna hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, kuna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie, na kuna Abu Hurayra, sahaba ambaye jina lake la utani linatokana na kitoto cha paka. Methali nayo inasema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Hata ukoo wa paka wote wa dunia uko karibu nasi: paka wa kufugwa anatokana na paka-mwitu wa Afrika, aliyezoeana na binadamu huko Mashariki ya Kati, na jamaa zake bado wanawinda panya Serengeti.

Ningependa sana kuona video ndefu za paka wa Lamu, Mombasa na Unguja zenye masimulizi ya Kiswahili, za watu wanaowalisha.

Nataka kumfungulia paka wangu akaunti. Nianzie wapi?

Anza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huupata na huambukiza. Piga picha kwa mwanga wa dirishani, usimwashie flashi usoni. Kamera ishushe mpaka usawa wa macho yake. Usimvishe nguo ikiwa anajilaza chini au anatembea kinyumenyume, maana hapo anakueleza hataki. Masikio yakilala nyuma na mkia ukipigapiga, zima simu.

Usimpe maziwa ili upate picha. Paka wengi wakubwa hayawakai tumboni.

Usionyeshe mlango wa nyumba wala jina la mtaa.

Je, naweza kutumia picha ya paka wa mtu kwenye tangazo la duka langu?

Kuituma kwa rafiki ni jambo moja, kuuzia bidhaa ni jingine. Picha ina hakimiliki ya aliyeipiga, hata kama umeipata bila jina kwenye kundi, na baadhi ya paka mashuhuri wana alama za biashara zilizosajiliwa. Muombe mwenyewe ruhusa kwa maandishi. Au mpige picha paka anayelala juu ya magunia ya mchele dukani kwako. Wateja tayari wanamfahamu.